Je, Kadi ya Grafiki ya Kompyuta Mpakato Inabadilishwa? Historia Fupi Kabla Hujamlipa Fundi

 

Leo tunaweka kando mbolea na viuatilifu. Nina sababu. Miaka ya karibuni kompyuta mpakato imekuwa zana ya kazi vijijini kama ilivyo mizani au pampu ya maji. Mwenye steshenari anatumia kutoa picha za pasipoti na kuchapa barua. Kijana wa video anahariri harusi na sherehe za kipaimara. AMCOS inatunza orodha ya wanachama na uzito wa mazao yao. Sisi maafisa ugani tunachorea ramani za mashamba. Na swali moja linanifikia tena na tena: "Afisa, mashine yangu ni nzito kwenye video. Fundi anasema niongeze kadi ya grafiki. Nimpe hela?"

Mama mmoja mwenye steshenari katika kata ninayohudumia alikuwa ameshaambiwa shilingi 280,000 kwa kazi hiyo. Kwake hiyo ni hela ya mifuko ya mbolea ya msimu mzima. Kijana anayemsaidia alishawahi kuona kwa macho yake kadi ya grafiki ikichomekwa kwenye kompyuta ya mezani mjini, kwa hiyo wote wawili waliona jambo linawezekana. Hawakuwa wajinga. Kwenye kompyuta ya mezani ni kweli linawezekana. Kwenye mpakato, mara nyingi sana, haliwezekani. Ukijua historia ya jambo hili utajua ni lini fundi anasema kweli, ni lini anakosea, na ni lini anakula hela yako.

Kwanza, kadi ya grafiki ni nini?

Kila unachokiona kwenye kioo cha kompyuta, kuanzia herufi na picha hadi video, kimepigiwa hesabu kwanza. Prosesa ndiyo injini kuu inayofanya hesabu za kila aina. Chipu ya grafiki ni injini ya pili, iliyotengenezwa kwa hesabu za picha tu. Inafanya hesabu nyingi ndogo kwa wakati mmoja, kama wavunaji hamsini wanaoingia shambani pamoja badala ya mmoja mwenye nguvu.

Chipu hiyo inaweza kukaa sehemu tatu: juu ya kadi inayochomekwa na kuchomolewa, juu ya bodi kuu ikiwa imelehemewa moja kwa moja, au ndani ya prosesa yenyewe. Historia yote ninayotaka kuwaeleza ni safari ya chipu hiyo kutoka sehemu ya kwanza kwenda ya pili, kisha ya tatu.

Mwaka 1981: kila kitu kilichomekwa

Agosti 1981 kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa kompyuta yake ya mezani iliyoitwa PC, namba 5150. Ndani yake kulikuwa na nafasi 5 za kuchomeka kadi. Bodi kuu haikuwa na uwezo wowote wa kuonyesha picha kwenye kioo. Ilikuwa lazima ununue kadi ya kuonyesha. Kulikuwa na kadi ya MDA iliyoonyesha maandishi tu, na kadi ya CGA iliyoweza kuonyesha rangi, lakini kwenye picha ilitoa rangi 4 tu kwa wakati mmoja. Aliyetaka maandishi safi alichukua MDA, aliyetaka rangi alichukua CGA.

IBM ilitoa hadharani maelezo ya jinsi nafasi zile zinavyofanya kazi. Matokeo yake, mtu yeyote aliyeijua kazi aliweza kutengeneza kadi yake. Mmoja wao alikuwa Van Suwannukul, mtu wa asili ya Thailand aliyekuwa akisoma Marekani. Alitaka kuandika tasnifu yake ya udaktari kwa herufi za Kithai, na kadi za IBM hazikumfaa kwa kazi hiyo. Akaunda kadi yake mwenyewe, na mwaka 1982 ikaingia sokoni kwa jina la Hercules. Ilitoa maandishi safi kama MDA, na pia ilichora michoro ya nukta 720 kwa 348, ingawa bila rangi. Ilipendwa sana na wahasibu na maofisi.

Kisa hicho kina maana kwetu. Mtu ambaye hakuwa IBM aliweza kutatua shida yake kwa sababu tundu lilikuwa la wazi na la kipimo kinachojulikana. Tangu hapo hadi leo, nafasi za kompyuta za mezani zimebadilika majina, lakini kila kipindi kimekuwa na kipimo ambacho watengenezaji wengi wanakifuata. Ndiyo maana leo unaweza kununua kadi ya kampuni moja ukaichomeka kwenye bodi ya kampuni nyingine, mradi umeme unatosha na boksi lina nafasi.

Kisha kompyuta ikabebwa

Kompyuta za kwanza za kubeba zilikuwa mizigo. Compaq Portable, iliyotangazwa mwishoni mwa 1982, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 13. Lakini ndani yake ilikuwa bado na nafasi za kadi kama ile ya mezani, kwa kuwa ilikuwa kompyuta ya mezani iliyowekwa kwenye sanduku lenye mkono.

Watu walitaka kitu cha kuweka magotini, chenye betri. Hapo ndipo mambo matatu yalipoanza kugombana: uzito, joto na umeme. Kadi inayochomekwa inahitaji tundu, inahitaji nafasi ya hewa, na inahitaji umeme wake. Kwenye boksi la mezani vyote vipo. Kwenye mashine ya unene wa vidole viwili havipo. Watengenezaji wa mpakato wakaamua kuilehemu chipu ya grafiki kwenye bodi kuu, na kwa miaka mingi hakuna aliyelalamika sana, kwa sababu mpakato ilikuwa ya kuandikia barua na kupigia hesabu.

Malalamiko yalianza mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa 2000, pale watu walipotaka mpakato ifanye kazi zote za kompyuta ya mezani: michezo, michoro ya majengo, video. Novemba 2000 kampuni ya Nvidia ilitoa chipu ya GeForce2 Go kwa ajili ya mpakato. Kampuni chache zikaanza kuweka chipu hizo kwenye kibao kidogo kinachofunguliwa kwa skrubu. Lakini kila kampuni ilikata kibao kwa umbo lake. Kibao cha kampuni hii hakikuingia kwa kampuni ile, na mara nyingi hata cha mwaka huu hakikuingia kwenye mashine ya mwaka jana.

Mwaka 2004: jaribio la kipimo kimoja

Wakulima wa trekta watanielewa haraka hapa. Nyuma ya trekta kuna mikono mitatu ya kufungia zana. Mfumo huo uliletwa na Harry Ferguson, yule ambaye jina lake bado lipo kwenye trekta za Massey Ferguson, na ulienea baada ya kuwekwa kwenye trekta ya Ford 9N mwaka 1939. Baadaye vipimo vyake vikawa vya kimataifa. Ndiyo maana leo unaweza kuazima jembe la sahani la jirani mwenye trekta ya kampuni nyingine, ukalifunga kwenye trekta yako na kwenda kulima, mradi ukubwa wake unalingana.

Mwaka 2004 Nvidia, kwa kushirikiana na watengenezaji kadhaa wa mpakato, ilitangaza mpango wa namna hiyo hiyo. Uliitwa MXM. Wazo lilikuwa kwamba chipu ya grafiki ikae kwenye kibao chenye umbo na pini za kipimo maalumu, na kila kampuni ya mpakato iweke tundu la kipimo hicho. Mpinzani wake, kampuni ya ATI, nayo ikaja na muundo wake ulioitwa AXIOM. Kwa hiyo hata siku ya kwanza hapakuwa na kipimo kimoja, palikuwa na viwili. AXIOM ilikufa mapema. MXM iliendelea, na likaja toleo lake la 3 lenye ukubwa wa aina mbili: aina A ya milimita 82 kwa 70, na aina B ya milimita 82 kwa 105.

Watu walifurahi. Magazeti ya kompyuta yaliandika kwamba sasa mwenye mpakato atabadilisha kadi kama mwenye kompyuta ya mezani. Haikuwa hivyo, na sababu zake ndizo zile zile zinazokukuta leo kwenye meza ya fundi.

Kwa nini MXM haikushika

Sababu ya kwanza ni matoleo. Kibao cha matoleo ya mwanzo hakiingii kwenye tundu la toleo la 3. Jina ni MXM kote, lakini pini ni tofauti. Ukiambiwa tu "mashine yako ina MXM", bado hujaambiwa kitu.

Sababu ya pili ni mfumo wa kupoza. Kipimo kilitaja umbo la kibao na pini, lakini bomba la shaba na bamba la kupoza lililokaa juu yake lilikuwa la kila kampuni. Chipu ikikaa milimita chache pembeni, au memori zikiwa na kimo tofauti, bamba halikai sawa. Bamba lisipokaa sawa, chipu inachemka. Ni kama jembe linaloingia kwenye mikono mitatu ya trekta lakini linagonga tairi.

Sababu ya tatu ni BIOS, yaani ile programu ndogo inayoiamsha mashine kabla ya Windows. Kampuni nyingi ziliandika BIOS inayotambua kadi zao tu. Ukichomeka kadi ngeni, mashine inawaka kioo kikiwa cheusi, au haiwaki kabisa, au inawaka lakini feni haijui lini izunguke.

Sababu ya nne ni umeme. Mpakato imepangiwa wati zake kuanzia chaja, betri mpaka njia za bodi. Kadi yenye njaa kubwa zaidi haipati chakula chake.

Sababu ya tano ni soko. Kadi za MXM hazikuuzwa madukani kwa wingi kama za mezani. Zilikwenda kiwandani moja kwa moja. Aliyetaka kadi moja alilazimika kuitafuta kama kipuri kilichotumika, kwa bei iliyokaribia bei ya mashine nzima. Na kampuni ya mpakato haikuwa na haraka ya kukusaidia, kwa kuwa ukiongeza kadi, hutanunua mashine mpya.

MXM haikufa kabisa. Ilibaki kwenye mashine kubwa za wahandisi na za michezo. Baadhi yake zimefika Afrika Mashariki kama mitumba: Dell Precision M4800 na M6800, HP EliteBook 8570w, na HP ZBook 17 za matoleo ya kwanza. Kama mashine yako ni mojawapo ya hizi, fundi anayesema kadi inatoka anasema kweli. Lakini hizo ni mashine nzito, nene, zenye chaja kubwa kama tofali. Mpakato nyembamba ya ofisi, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, haina tundu hilo.

Miaka ya chipu zilizokufa

Kuna sura moja ya historia hii ambayo mafundi wa mjini wanaijua kwa vitendo, ingawa wengi hawajui ilikotoka.

Tarehe 2 Julai 2008 Nvidia ilitangaza kwamba inatenga kati ya dola milioni 150 na 200 kugharamia matengenezo, kwa sababu baadhi ya chipu zake za mpakato zilikuwa zinakufa kuliko kawaida. Tatizo lilikuwa ndani ya chipu yenyewe. Chipu imeshikwa kwenye kitako chake kwa vidonge vidogo sana vya lehemu. Mashine ikiwaka, chipu inapata joto na kutanuka. Ikizimwa inapoa na kusinyaa. Vifaa vilivyotumika kushikilia vidonge vile vilikuwa dhaifu, na baada ya kuwashwa na kuzimwa mara nyingi, vidonge vilipata nyufa. Kioo kikawa cheusi au kikajaa mistari.

Mpakato za kampuni nyingi kubwa ziliguswa. Oktoba mwaka huo huo Apple ilikiri kwamba baadhi ya MacBook Pro zenye chipu ya GeForce 8600M GT zinaweza kupata hitilafu hiyo, na ikaahidi kuzitengeneza. Miaka michache baadaye jambo linalofanana liliwakuta wenye MacBook Pro za 2011 zenye chipu za AMD, na mwaka 2015 Apple ikafungua mpango wa kuzitengeneza bure.

Hapo ndipo ulipoenea ule utaalamu wa "kuchoma chipu". Fundi anapuliza hewa ya moto juu ya chipu ya grafiki, nyufa zinakutana kwa muda, na mashine inawaka. Mteja anafurahi, analipa, anaondoka. Baada ya wiki au miezi inakufa tena, kwa sababu udhaifu wa ndani haujatibiwa. Ni kama kumpa ng'ombe mwenye ndigana dawa ya kushusha homa tu. Homa itashuka, ugonjwa upo. Tiba ya kweli ni kuitoa chipu na kuweka nyingine nzima, kazi inayohitaji mashine maalumu, chipu halisi, na mkono uliozoea. Kwa mashine ya umri huo, gharama hiyo kwa kawaida hailipi.

Kwa hiyo kumbuka: "kubadilisha chipu ya grafiki" iliyolehemewa ni matengenezo ya kurudisha uzima. Hayakuongezei nguvu. Anayekuambia atang'oa chipu ndogo na kulehemu kubwa zaidi mahali pale pale, muulize atapata wapi BIOS, memori na umeme wa kuiendesha.

Grafiki inahamia ndani ya prosesa

Januari 2010 Intel ilitoa prosesa za mpakato ambazo ndani ya kifurushi kimoja zilikuwa na chipu ya grafiki pia. Januari 2011, kwa prosesa zilizojulikana kama Sandy Bridge, grafiki ikaingia kwenye kipande kimoja na prosesa. Mwaka huo huo AMD nayo ikaanza kuuza prosesa zake zenye grafiki ndani.

Kwa watu wengi hii ilikuwa nafuu. Mashine zilikuwa nyembamba, betri ilidumu, bei ikashuka. Chipu hizo pia zilikuja na sehemu maalumu ya kufungua na kufunga video, kiasi kwamba mpakato ya kawaida inaonyesha video ambazo zamani zilihitaji kadi. Lakini mlango ulifungwa. Ukitaka grafiki nyingine inabidi uwe na prosesa nyingine, na kufikia mwaka 2015 prosesa nyingi za mpakato zilikuwa nazo zimelehemewa kwenye bodi. Basi, kubadilisha grafiki ikawa ni kubadilisha bodi nzima.

Ukiona kwenye mashine yako majina kama Intel HD, Intel UHD au Iris, ujue grafiki yako iko ndani ya prosesa. Kama hakuna jina jingine, hakuna kadi ya kuchomoa.

Kadi nje ya mashine

Walioshindwa kuingiza kadi ndani walijaribu kuiweka nje. Mwaka 2007 Asus ilionyesha kifaa kilichoitwa XG Station, boksi la kuweka kadi ya mezani na kuliunganisha na mpakato. Mwaka 2008 AMD ilitangaza mfumo wake wa XGP. Mwaka 2011 Sony iliuza Vaio Z nyembamba iliyokuwa na kituo cha nje chenye chipu ya grafiki ndani yake. Viwili vya mwisho vilikosa kitu kile kile kilichokosekana kwa MXM: tundu la wazi linalopatikana kwenye mashine nyingi.

Tundu la Thunderbolt lilianza kuonekana mwaka 2011, na toleo lake la 3 la mwaka 2015, linalopitisha hadi gigabiti 40 kwa sekunde kupitia tundu la umbo la USB-C, ndilo lililofanya jambo hili liwe rahisi. Mwaka 2016 yakaanza kuuzwa maboksi kama Razer Core, ambamo unaweka kadi ya mezani na kuunganisha kwa waya mmoja. Hii ni njia ya kweli na inafanya kazi. Ila hesabu yake ni hii: ununue boksi, ununue kadi, na boksi linataka umeme wake wa ukutani. Kwa anayetumia sola ya nyumbani, boksi la namna hiyo linaweza kumaliza betri kabla hujamaliza kuhariri harusi moja. Pia si kila tundu la umbo la USB-C ni Thunderbolt. Tafuta alama ya radi pembeni ya tundu, kisha hakikisha kwa kusoma maelezo ya mashine.

Wapo vijana wanaotumia adapta inayochomekwa kwenye tundu la kadi ya Wi-Fi ndani ya mpakato. Inawezekana, nayo pia inataka umeme wa pembeni, inapunguza sana kasi ya kadi, na mashine inabaki imefunguliwa mgongo. Kwenye vumbi letu sishauri.

Ahadi za karibuni

Mwaka 2019 Dell, kupitia jina lake la Alienware, ilitoa Area-51m, mpakato kubwa iliyotangazwa kwamba prosesa na grafiki zake zinaweza kubadilishwa. Kadi yake ilikuwa na umbo la pekee, la Dell yenyewe. Kadi za kizazi kilichofuata hazikuja kwa mashine ile ya kwanza, na wanunuzi wakalalamika hadi kesi ikafunguliwa Marekani. Watu walilipia nafasi ya kubadilisha, lakini mwenye kutengeneza kadi alikuwa mmoja tu, na hakutengeneza.

Aliyefika mbali zaidi mpaka sasa ni kampuni changa ya Marekani iitwayo Framework. Mpakato yake ya inchi 16 ilianza kuwafikia wateja mwaka 2024, na sehemu ya grafiki inachomolewa nyuma na mwenye mashine mwenyewe kwa bisibisi. Ilianza na chipu ya AMD Radeon RX 7700S, na mwaka 2025 ikatangazwa sehemu mpya yenye Nvidia RTX 5070 inayoingia kwenye mashine zilizouzwa mwanzo. Kampuni hiyo pia imetoa hadharani michoro ya tundu lake ili wengine watengeneze. Ni mashine ya bei ya juu na haiko kwenye maduka yetu, lakini inaonyesha kwamba jambo hili si muujiza. Linataka kipimo cha wazi na nia ya mtengenezaji.

Sasa, kabla hujatoa hela

Fanya haya kwa mpangilio.

1. Jua ulichonacho. Kwenye Windows bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, andika dxdiag, kisha bonyeza Enter. Fungua ukurasa wa Display usome jina la chipu. Kama mashine ina chipu mbili utaona kurasa zaidi ya moja.

2. Usidanganywe na namba ya memori. Mashine yenye RAM ya GB 8 na grafiki ndani ya prosesa inaweza kuonyesha GB 4 za grafiki. Hizo ni sehemu ya RAM yako zinazotumika kwa pamoja. Muuzaji anayesema "hii ina grafiki GB 4" muulize kama ni memori ya kadi yenyewe au ya pamoja.

3. Mwambie fundi akutajie jina kamili la kadi anayotaka kuweka na aina ya tundu, kisha afungue mashine mbele yako akuonyeshe tundu. Fundi mwaminifu hatachukia. Akikosa kukuonyesha kibao kinachotoka kwa skrubu, hakuna kadi ya kubadilisha.

4. Tafuta ugonjwa wenyewe kwanza. Mpakato inayokwama ikishafanya kazi nusu saa mara nyingi ina joto. Feni imeziba vumbi na grisi ya kupoza juu ya chipu imekauka. Kusafisha na kuweka grisi mpya ni kazi ya bei ndogo.

5. Angalia diski na RAM. Mashine nyingi za mitumba bado zina diski ya kuzunguka. Kuweka SSD, na kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8 au 16 kama kuna nafasi, kunabadilisha mashine kuliko chochote. Kwa grafiki iliyo ndani ya prosesa, RAM ikiwekwa vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja, grafiki nayo inapata njia mbili za kuvuta data na inaongezeka kasi. Hata programu ya ramani ya QGIS tunayotumia sisi maafisa inategemea zaidi RAM, diski na prosesa.

6. Kwa wa video: fungua mipangilio ya programu ya kuhariri uone kama imeruhusiwa kutumia chipu ya grafiki, sasisha draiva, na tumia nakala nyepesi za video wakati wa kukata, kisha utoe kazi ya mwisho kwa ubora kamili.

7. Kama baada ya hayo kazi bado inadai kadi kubwa, fikiria kompyuta ya mezani iliyotumika. Hiyo ndiyo yenye tundu la wazi tangu 1981 mpaka leo, na kadi yake utaiuza au kuihamisha utakapotaka. Piga hesabu ya umeme kabla ya kununua: soma wati kwenye chaja au boksi la umeme, linganisha na uwezo wa sola yako.

Yule mama wa steshenari mashine yake ilikuwa na Intel HD ndani ya prosesa. Hakuna kadi ambayo ingeingia. Tulichofanya ni namba 4 na 5 hapo juu, SSD na kusafisha, kwa chini ya nusu ya hela aliyotajiwa. Harusi bado zinachukua muda kutoka, lakini zinatoka bila mashine kuzima, na mbolea ya kupandia alinunua.

Wenye vikundi mnaotaka kununua mpakato kwa fedha za mkopo, andikeni kwanza kazi mtakayofanya, kisha mchague mashine yenye grafiki inayotosha kazi hiyo tangu siku ya kununua. Kwenye mpakato, grafiki unayoinunua siku ya kwanza kwa kawaida ndiyo utakayokuwa nayo mpaka mwisho. Msinunue kwa matumaini kwamba mtaongeza baadaye.

Kwa mwenye mashine ya mashaka, niletee jina lake kamili lililoandikwa chini ya mgongo wake, siku za mnada au ofisini kwa kata, tuitazame pamoja kabla hujalipa.